Kura ya Shemeji

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa mkabala na fundi cherehani na shemeji yake, muuguzi. Kila Jumapili familia yao hucheza mchezo ambao wachezaji wenyewe hutunga kanuni zake kwa kura. Jumapili iliyopita fundi aliumwa jino, akamwomba shemeji amwakilishe.

"Nilikutuma unichezee, shemeji, siyo unitoe mchezoni!"

"Mama mkwe wako alipendekeza kwamba asiyekuwepo atolewe. Nikajiuliza, shemeji angesema nini? Wewe ni mtu wa haki. Nikanyoosha mkono kwa niaba yako."

"Na kura yako?"

"Kwa yangu nilipinga! Nilikutetea mpaka sauti ikakauka."

Fundi alishika shavu. Nadhani jino lilikuwa bado linauma. "Kwa hiyo kura iliyonitoa ni yangu mwenyewe?"

"Ndiyo iliyoamua. Bila wewe tungeshinda."

Niligeukia dirisha nisije nikacheka. Fundi aliuliza kinyonge kama anaweza kukata rufaa.

"Unaweza, ila aliyetolewa haruhusiwi kusema. Lazima atume mtu."

Treni ikasimama. Fundi alishusha pumzi. "Basi nenda wewe. Lakini nakusihi, shemeji, safari hii usinifikirie kabisa."