Tuliambiwa Tupunguze Sauti

Bwana asifiwe, wapendwa! Aa, hiyo amina ni ya watu waliokosa usingizi. Nasema asifiwe kwa sauti kubwa! Haya, sasa nawasikia.

Mnanijua. Mimi ni Filomena, Mgoa wa Tanga, yule mama anayewapigia harmoniamu Jumapili, kile kinanda kidogo cha kuvuta hewa kwa mkono mmoja. Karim ndiye mpiga tabla wangu, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi, tangu ujana wetu kulekule Tanga. Yeye ni Mwislamu, Ismailia wa hapo Unionville, mhamiaji huku ughaibuni kama sisi, na leo nimemleta, yupo kule nyuma karibu na mlango. Karim, usijifiche, mkono juu!

Ndugu zangu, kwa miaka mingi sisi tulikuwa wanamuziki wa kusindikiza chakula. Kila kiangazi tamasha kubwa la mjini lilituita, na kila kiangazi tulipelekwa hema lilelile la nyuma kabisa, kando ya makarai ya sambusa. Jukwaa kubwa lilikuwa la wenye magitaa. Tulikalishwa kwenye viti vya plastiki, tukaambiwa tukate ule mwanzo wa taratibu wa nyimbo zetu, eti watu watachoka. Unaimba, umefumba macho, roho iko juu, mara unasikia, "Sambusa za kuku tayari!" Weee! Nani atashindana na sambusa?

Mwaka mmoja, katikati ya wimbo, msimamizi akaja kutuambia tupunguze sauti, watu hawasikii oda zao zikiitwa. Karim akaacha kupiga. Akazifunga tabla zake, na tulipofika kwenye gari akasema, "Dada Filo, mimi basi. Nimechoka kuwa kachumbari." Tabla zikaingia kabatini. Nami bila tabla za Karim naimba na nani? Nililia njia nzima mpaka nyumbani Mississauga.

Niliomba, ndugu zangu. Niliomba nikipika, niliomba nikiwa kazini Downsview. Nikasema, Baba, kipawa hiki ulitupa kije kuozea kabatini?

Miaka ikapita. Vijana wa Kihindi wakaanza kupenya kwenye majukwaa, huyu na sitar, lile gitaa la Kihindi, yule na ngoma ya dholi. Ndipo simu ikalia. Tamasha lilelile, jukwaa kubwa! Nilipiga kelele jikoni mpaka binti yangu akaja mbio akidhani nimeungua na mafuta.

Karim akakubali kwa sharti moja. "Tukae chini kwenye zulia, bila viatu, kama tulivyofundishwa. Kwenye kiti sipandi." Jamani! Nikiomba zulia, si watatufuta? Nisipoomba, Karim haji. Siku yenyewe niliomba kwenye maegesho, nimeshika usukani.

Jukwaani tukakuta viti viwili vimeshapangwa. Nikamwambia fundi wa sauti, mzungu mmoja mkubwa mwenye buti za kazi, "Samahani, sisi tunakaa chini." Akanitazama. Akalitazama zulia begani kwa Karim. Kisha akaviondoa viti. Aliporudi na maikrofoni akatukuta peku. Akainama, akafungua kamba, akavua buti zake, ndipo akakanyaga zulia letu. Hakuna aliyemwambia! Machozi yakanitoka kabla sijaimba.

Nikaanza taratibu, kilekile kipande walichotukataza. Uwanja mzima na bia zao mkononi, kimya! Karim akaingia na tabla, na watu wale wakasimama, wakashangilia mpaka sisikii kinanda changu mwenyewe. Haleluya! Baada yetu akapanda binti wa Kitamil na fidla yake, kisha vijana wa Kihindi wa mji wa Brampton na dholi zao. Wote jukwaa kubwa!

Tulipokuwa tunavaa viatu Karim akaninong'oneza, "Dada Filo, leo hakuna aliyeita sambusa." Nilicheka huku nalia.

Asante Yesu! Na wewe uliyewekwa nyuma ya hema, unayeona hakuna anayekusikia, usikifungie kipawa chako kabatini. Mlilie Bwana leo, hapohapo ulipo. Yeye hatakuambia upunguze sauti.