Soksi ya Mbwa

Mzee Zubery, mwenye duka Dongobesh, alikunja kanzu yake mpaka magotini alipoona jirani yake ndani ya basi la Mbulu ni Marieta, mama wa kijiji cha Tumati, kapakata mbwa. Mguu mmoja wa mbwa ulikuwa umevalishwa soksi ya shule.

"Shikamoo mzee. Haumi huyu. Kavunjika ukucha, nikampaka ugoro damu ikate. Asipopona, fisi watanimalizia kondoo."

"Marahaba. Ugoro?" Zubery alitaka kunyamaza, lakini kushauri watu kulikuwa ugonjwa wake wa miaka mingi. "Huo ni uchafu, mama! Kidonda unakiosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, unakibana kwa kitambaa safi. Na hiyo soksi umeikaza mno."

"Babu yangu alipaka ugoro."

"Na mbwa wake yuko wapi?"

"Alikufa kwa uzee, kama babu."

Ubishi ukampanda Zubery kichwani, akaivua ile soksi mwenyewe. Mbwa akamshukuru kwa kumlamba mkono mpaka kwenye kiwiko.

Basi likasimama stendi. Zubery akateremka mbio kutafuta maji. "Mate ya mbwa ni najisi kwetu Waislamu! Lazima nioshe mara saba," alilalamika, "na mara moja kwa udongo!"

"Udongo?" Marieta akamwuliza kutoka dirishani. "Halafu ugoro wangu ndio uchafu?"