Wietske Hoekema na Asubuhi ya Barafu Ziwani Kleiwiel

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke mtu ambaye wengi wenu mmepishana naye barabarani, kichwa kimeinama kwenye upepo, darubini ikining'inia kifuani. Wietske Hoekema ametutoka. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake, hapa hapa kijijini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Wietske alikuwa daktari wa meno. Nusu ya kijiji hiki inatafunia kazi ya mikono yake. Lakini baridi ikiingia na bata bukini wakishuka kutoka kaskazini, mikono hiyo ilishika usukani wa baiskeli. Kila Jumapili alizunguka maziwa na hifadhi zetu kutazama ndege. Mvua, theluji, upepo wa kukata masikio, alikwenda. Mdogo wake, Jeltsje, alimfuata nyuma akilalamika njia nzima. "Nilimwambia, dada, utakuja kufa kwa ajili ya bata," anasema Jeltsje. "Akaniambia nikanyage pedali, nisipoteze pumzi."

Na kulikuwa na Gerlof Wielinga. Gerlof ni mwindaji. Aliitwa na wakulima kuwapiga bukini waliomaliza majani ya ng'ombe. Wietske alimpinga kwenye kila mkutano wa kijiji. Gerlof alimwita Mama Mabata mbele za watu. Wietske alimwita Bwana Baruti. Miaka ikapita, hawasalimiani. Gerlof jino likimuuma, alikwenda kutibiwa mjini.

Sasa sikilizeni yaliyotokea asubuhi moja ya Januari, miaka kumi na miwili iliyopita.

Ziwa la Kleiwiel lilikuwa limeganda. Katikati palibaki shimo la maji, kwa sababu mabata walioogelea hapo hawakuyapa nafasi ya kuganda. Kando ya shimo kama hilo barafu huwa nyembamba. Wietske na Jeltsje walikuwa wamesimamisha baiskeli kwenye matete. Mlio wa bunduki ukasikika ng'ambo. Bukini mmoja akaanguka juu ya barafu. Mbwa wa Gerlof akamfuata, akakaribia shimo, akateleza na kutumbukia majini. Gerlof akamfuata mbwa wake.

Barafu ikapasuka chini yake. Mbwa alijiokoa mwenyewe. Gerlof hakuweza. Kila alipoegemea ukingo, ukingo ulivunjika.

Jeltsje alipiga simu ya dharura. Waliambiwa wasubiri, gari liko njiani. Wietske alitazama kichwa cha yule mtu, kikizama na kuibuka, na hakusubiri. Aliilaza baiskeli yake juu ya barafu. Akalala kifudifudi nyuma yake, akaisukuma mbele, akatambaa. Jeltsje alilala nyuma akashika buti zake. "Nilisikia barafu inalia chini ya tumbo langu," anasema. "Nilitaka kumwambia turudi. Nikazidi kuzibana zile buti."

Gurudumu la mbele likamfikia Gerlof. Alijaribu kulishika. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, vikaachia. Akajaribu tena, vikaachia tena.

Wietske akamwambia, bila kupandisha sauti, "Usishike. Pitisha mkono wote kwenye spoki. Mpaka kwenye kiwiko."

Akaupitisha. Wanawake wawili wakavuta kwa keria ya nyuma. Barafu ikamegeka, Wietske mwenyewe akatumbukia hadi kifuani, akapanda tena kwa viwiko. Macho ya Gerlof yakaanza kujifumba.

"Gerlof, ukifa leo bukini watafanya sherehe," Wietske akamwambia. "Utawapa raha hiyo?"

Midomo ilikuwa ya bluu, lakini ilijibu. "Vuta, Mama Mabata."

Wakavuta. Gari la uokoaji lilipofika, lilikuta watu watatu na mbwa mmoja wamelundikana kwenye matete, wakitetemeka hadi hawawezi kutaja majina yao.

Wiki mbili baadaye Gerlof alibisha hodi kwa Wietske. Akapewa supu ya njegere, akainywa yote. Hatimaye akasema yuko tayari kuacha bunduki, kama hilo ndilo deni. Wietske alikasirika. "Sikukuvuta ili uache bunduki," alimwambia. "Nilikuvuta kwa sababu ulikuwa unazama."

Kwa hiyo hakuiacha, wasikilizaji. Wala Wietske hakuacha kumpinga mikutanoni. Ila Gerlof alianza kutibiwa meno hapa kijijini, na wagonjwa waliosubiri nje walisikia ubishi kuhusu bukini, upande mmoja ukiwa umezibwa mdomo kwa pamba.

Msimu huu wa baridi macho ya Wietske yalififia na miguu ikagoma. Gerlof alimpakia kwenye baiskeli ya sanduku, ile ya kubebea watoto, akamfunika mablanketi, akampeleka ziwani. Tumezungumza naye jana. Anasema kundi kubwa lilipita juu, naye akamweleza Wietske kwamba ni bukini wa mashavu meupe.

"Akaniambia, sikiliza sauti, hao ni wa paji jeupe. Umewapiga risasi miaka arobaini na hujui majina yao." Gerlof anaendelea: "Nilicheka. Halafu nikashindwa kuendesha. Tukakaa pale, akanitajia wote waliopita, kwa sauti zao, mpaka nikawajua."

Kwa Jeltsje, kwa wapwa zake, na kwa wote aliowatibu: poleni sana. Wietske Hoekema atazikwa Jumamosi asubuhi. Familia inaomba mje kwa baiskeli, mkiweza.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu ambaye akimwona barabarani hubadilisha njia. Mfikirie huyo mtu sasa. Mfikirie yuko majini, na wewe peke yako umemwona.