Matuta Kumi na Moja ya Elinuru Shemhilu

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za mchana. Aliye jikoni apunguze kidogo kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka Elinuru Shemhilu, fundi viatu wa Mlalo, aliyezunguka nchi ishirini na mbili akiwa na begi moja mgongoni. Amefariki ana miaka arobaini na mitano. Narudia kwa aliyechelewa kufungulia redio: Elinuru Shemhilu, fundi viatu, wa Mlalo. Hakuacha nyumba. Hilo la nyumba lishikeni, maana nusura limnyime kaburi.

Alizaliwa mwaka 1979, mtoto wa pili wa Mama Esteria. Baba yake alifariki mapema. Ushonaji viatu alijifunza Lushoto mjini, karibu na stendi. Wateja wake wengi walikuwa wageni wanaotembea kwa miguu milimani kwetu mpaka soli zinaachia. Dada yake, Eliza, anasema hivi: "Alikuwa anamuuliza mgeni, hiki kiatu kimefika wapi? Akiambiwa Nepal, anakigeuza, anakichungulia ndani, kama vile nchi yenyewe imebaki humo."

Mwaka 2004 mteja mmoja alimwachia begi lililokatika mikanda. Elinuru akalishona. Wiki mbili baadaye akalivaa, akaondoka. Malawi, Zambia, Msumbiji. Baadaye India, Nepal, Indonesia, Uturuki, Georgia. Njia aliilipia kwa sindano, akishona viatu vya wasafiri wenzake, mabegi yao na mahema yao. Anakaa huko mwaka, miwili, kisha anarudi Mlalo.

Na kila akirudi, stendi ya Lushoto alipokewa kwa swali lile lile. Mwaka 2011 alikaa kwenye kiti kile pale, ndani ya studio hii, akalisimulia mwenyewe. Kijana wa kuongoza wageni alimsimamisha: "Kaka, mzigo wa nani huo?" Akajibu, wangu. "Acha utani. Mzungu wako yuko wapi?" Studio nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, kanda ipo. Mzungu akivaa begi ni msafiri. Mtu wa Mlalo akivaa begi ni mpagazi, na akikana upagazi ni mzururaji. Sitaki kulipamba jambo hili. Ndivyo tulivyosema, na tulisema hewani.

Nyumbani mapokezi yalikuwa mengine. Mama Esteria alikuwa na sharti lake. Mtoto aliyetoka safari ndefu haingii ndani kabla hajashika jembe. Anampokea begi, anaitika shikamoo yake, anampa jembe. "Nyumba haiendi popote," anasema. "Makande bado yako motoni. Nenda kachimbe." Elinuru alipanda kwenye shamba la marehemu baba yake, kwenye mteremko ule mkali, akaanza tuta moja. Anachimba, anasawazisha, anapanga mawe ukingoni ili mvua isishuke na udongo. Siku ya kwanza anachimba mpaka mama aite. Akiitwa, anaingia, anakula. Kabla ya kuondoka tena, tuta limekwisha. Safari moja, tuta moja. Katika miaka ishirini alirudi mara kumi na moja akachimba matuta kumi na moja.

Hapo ndipo anapoingia baba yake mkubwa, Mzee Benjamini. Kwa Mzee Benjamini, mwanamume ni nyumba. Na matuta aliyachukia kwa sababu ambayo wengi wenu mmeisahau, lakini mimi sijaisahau. Mkoloni aliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta, na aliyekataa alishtakiwa. Baba yake Mzee Benjamini alikataa, akafungwa. Kwa hiyo mzee alipoliona shamba la ukoo linapigwa matuta, aliona kiboko kimerudi. Mama Esteria alimjibu mara moja tu: "Shemeji, yale yalikuwa ya mkoloni. Haya ni ya mwanangu."

Mwaka 2017 Elinuru akiwa Georgia, Mzee Benjamini aliamua kumfanyia wema. Narudia, wema. Alikusanya ndugu, wakang'oa mawe ya matuta manne, wakajenga msingi wa nyumba palepale shambani. Nyumba ya Elinuru. Mchungaji akaliombea jiwe la pembeni. Masika ilipoanza, yale matuta manne yalishuka yote, udongo ukalala juu ya kabichi za jirani yao, Marta. Msingi wenyewe ulibaki umesimama, mzuri kabisa, juu ya shamba lililochunika.

Elinuru alirudi mwaka 2018. Mama akampa jembe kama kawaida. Alipanda, akatazama, akaliweka jembe chini. Akaanza kutoa mawe ya msingi, moja moja, na kuyapandisha yalikotoka. Siku tisa, kisha akachimba tuta la safari ile. Siku ya tatu Mzee Benjamini alifika. Eliza alikuwepo.

"Unabomoa nyumba yako mwenyewe?"

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Usinipe shikamoo, nipe jibu!"

"Jibu ni hili nililobeba. Lilikuwa kule juu, linarudi."

Mzee akainama, akalikumbatia jiwe la pembeni. "Hili limeombewa. Hili huligusi." Akaondoka nalo. Miaka sita lilikaa uani kwake. Alilitumia kunolea panga.

Aprili mwaka 2024 Elinuru alirudi kwa mara ya kumi na mbili. Alishuka Mlalo ana homa, macho ya njano, begi linamvuta nyuma. Mama Esteria hakuleta jembe. Alisema, "Leo ingia tu, mwanangu." Elinuru akauliza, "Mama, umenifukuza?" Akalifuata jembe mwenyewe. Akapanda taratibu, akapiga majembe matatu. Eliza aliyahesabu. Kisha akaketi kwenye udongo, wakamshusha wakimshika mikono. Siku ya tisa alifariki hospitalini.

Usiku ule ule hakuna aliyebishana, watu walilia. Ubishi ulianza asubuhi, kwenye kikao cha ukoo. Kwao mwanamume huzikwa kwenye mji wake, pale penye nyumba yake. Elinuru hakuwa na mke, hakuwa na paa, hakuwa na mji. Wakashauri azikwe makaburi ya kanisani, kama mgeni. Mmoja akasema kwa sauti: "Huyu alikuwa mpita njia. Alipewa nyumba, akaibomoa." Wote wakamtazama Mzee Benjamini, maana neno la mwisho lilikuwa lake.

Mama Esteria alikuwa kwenye mkeka na wanawake. Desturi inamtaka mfiwa anyamaze. Hakunyamaza.

"Shemeji. Nyinyi hapa mna nyumba. Nawauliza, lile shamba la marehemu ndugu yenu, nani kati yenu amechimba hata tuta moja? Kila alipokuja nilimwonyesha udongo kabla ya chakula, ili asije akawa mgeni kwake. Ameshika udongo wa hapa mara kumi na mbili. Leo mnamwita mpita njia?"

 Mzee Benjamini alisimama, akachukua fimbo yake, akaondoka. Watu wakadhani amekataa.  Eliza anasema mama alianza kukunja khanga yake, tayari kwenda kumwona mchungaji kuhusu kaburi la kanisani.

Mzee akarudi. Fimbo hana. Amelikumbatia lile jiwe tumboni, mikono miwili, mtu wa miaka sabini na mitano. Vijana wakakimbilia kumpokea. "Niacheni!" Akapita katikati ya kikao, akapanda shambani, akapumzika mara mbili njiani. Alipofika kwenye alama za yale majembe matatu, akalitua.

"Aliishia hapa," akasema. "Mchimbieni hapa. Na hilo jembe mnipe mimi kwanza."

Elinuru Shemhilu amezikwa kwenye tuta lake la kumi na mbili. Tuta hilo sasa limekwisha, na jiwe la pembeni liko ukingoni mwake.

Kituo hiki kinampa pole Mama Esteria, dada Eliza, Mzee Benjamini na ukoo wote wa Shemhilu. Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnaokaa stendi ya Lushoto, atashuka mwingine. Mweusi kama sisi, begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla hamjamuuliza mzigo ni wa nani, mfikirieni Elinuru. Kisha mpokeeni begi, na muulizeni kwao ni wapi, ili mjue jembe lake linamsubiri mlango gani.