Savrinisso na Nyota Iliyomwaga Mwili Wake

Ndugu waombolezaji, marehemu Savrinisso, binti wa mchimba mifereji Mulloboy, alizaliwa hapa Panjakent tarehe 14 Aprili 1949, akasoma hapa hapa hadi 1966, kisha chuo kikuu Dushanbe, alikohitimu fizikia mwaka 1971, na mwaka huo huo akaajiriwa katika kituo cha nyota cha mlimani, ambacho familia haitaki kukitaja jina leo.

Mwaka 1974 aliolewa na Nazrullo, dereva wa gari la kuondoa theluji, wakajaliwa binti mmoja, Shamsiya.

Kuanzia 1982, kwa majira manne ya baridi, aliifuatilia nyota moja yenye tabia ya kulipuka na kufifia, akauchambua mwanga wake rangi kwa rangi, akaona kwamba gesi ilikuwa ikiikimbia kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, kwamba haikufifia kwa kuchoka bali kwa kufunikwa na vumbi lililotoka mwilini mwake yenyewe, na kwamba mlipuko mmoja uliipotezea angani kiasi cha gesi ambacho ikiwa tulivu ingekipoteza kwa miaka elfu.

Alipoyasema hayo kikaoni, mkurugenzi alimjibu mbele ya watu, "Binti yangu, nyota si sufuria ya maziwa, imwagike kila ikichemka. Nenda kalee mtoto."

Naye akasema, "Mtoto ana baba yake. Nyota hii haina mwingine."

Kwa jibu hilo alinyang'anywa darubini, akawekwa kupokea wageni kwa miaka tisa, yeye aliyeijua nyota ile kuliko yeyote pale.

Mwaka 1995 darubini kubwa za ng'ambo zililiona wingu lile lile la vumbi, zito kama alivyosema, na mkurugenzi yule yule akapanda jukwaani kutangaza "ugunduzi wetu", huku marehemu akipita na birika kuwamiminia wageni chai.

Shamsiya alimuuliza, "Mama, mbona ulinyamaza?"

"Ningefungua mdomo," akasema, "birika lote lingeishia kichwani mwake."

Alipatwa na kiharusi Novemba 2020, akafariki jana, tarehe 3 Machi 2021. Asubuhi hii kituo kimetuma mtu, eti tumwite "msaidizi mwaminifu wa mkurugenzi". Hakuwa msaidizi wa mtu. Aligundua mwenyewe jinsi nyota ile inavyomwaga mwili wake angani, na familia imeamua wasifu wake usomwe hivyo, mkurugenzi akiwa ameketi hapa mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia palav, pilau yetu ya msibani, tangu alfajiri, na kutoka kazini kwake tunamshukuru Lutfiya peke yake, aliyekuja kila Ijumaa kumlisha kwa kijiko. Ninyi wengine wa kituoni, karibuni chakula, lakini shukrani hatuna.

Savrinisso, kazi ni yako. Pumzika sasa, mama yetu, kwa amani.