Sista Aikande Mmari na Jiko la Mawese

Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1999, Sista Aikande Mmari anakabidhi funguo za chumba cha lishe hapa Kituo cha Afya Mtakuja, Ujiji. Ametumikia uuguzi miaka thelathini na miwili, ishirini na mitano kati ya hiyo kwetu. Kamati ya sherehe ilimwomba mganga mfawidhi aandike wasifu huu. Mganga akasema anayemjua Sista ni yule anayepika naye, na kazi ikaniangukia mimi wa jikoni. Nimeandika siku nne, mtoto akiwa amelala mapajani, hivyo sentensi zikipinda mnivumilie.

Sista alizaliwa Machame na kusomea uuguzi huko huko. Alifanya kazi Tabora, kisha mwaka 1974 akapanda treni kuja Kigoma akidhani atakaa miaka miwili. Waliompokea husema wiki ya kwanza alishika leso puani kila alipopita penye samaki wa migebuka walioanikwa. Leso aliiacha, ila dagaa hajawapenda mpaka leo. Huwapima, huwapika, huwasifia mbele ya akina mama, halafu yeye anakula ndizi. Kiha alijifunza, na akina mama wa Mwamgongo wakija kliniki kwa boti humwomba arudie salamu ya "Mwakeye" kwa lafudhi yake ili wacheke vizuri.

Wengi mtamkumbuka kwa mwaka 1996, boti za wakimbizi zilipokuwa zikishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa. Sista hakusubiri watoto waletwe kituoni. Alichukua mizani ya kuning'iniza, akaifunga kwenye nguzo ya wauza samaki pale ufukweni Kibirizi, akaanza kupima watoto mmoja mmoja. Mchukuzi mmoja akamtania, "Sista, bei gani leo kwa kilo?" Akajibu bila kugeuka, "Hawa hawauzwi. Njoo unishikie kamba." Yule bwana alishika kamba mpaka jua likazama, na kesho yake akaja tena bila kuitwa.

Mimi nilimfahamu vizuri mwaka uliofuata, kwa sababu ya binti yangu Regina. Alianza kifafa akiwa na miezi minane. Alipofika miaka miwili na nusu alikuwa akianguka mara sita, mara nane kwa siku, dawa anameza na bado anaanguka. Maneno machache aliyokuwa nayo yalimpotea. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika stuli, akaacha hata kukaa. Majirani walikuwa wema, lakini akianza kutikisika walirudi nyuma hatua tatu, wakiogopa povu. Siku moja alianguka hapa hapa barazani, kwenye foleni ya kliniki. Sista alikaa chini sakafuni na sare yake nyeupe, akamlaza kwa ubavu mapajani, akamfuta povu kwa kitambaa chake mwenyewe mbele ya watu wote. Kisha akawaambia waliosimama mbali, "Sogeeni basi, mje mtupepee." Tangu siku hiyo watu wa foleni ile hawakurudi nyuma tena.

Wakati huo kulikuwa na daktari wa watoto aliyekuja na shirika la wakimbizi. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba wapo watoto ambao kifafa chao hupungua wakila mafuta mengi sana na wanga kidogo mno, kwa kupimwa, huku dawa ikiendelea. Karatasi zake zilitaja krimu, siagi na vitu ambavyo Ujiji havijafika. Sista alizisoma usiku kucha, asubuhi akaja na karatasi yake: mawese, dagaa, mayai, parachichi, matembele kidogo. Daktari akapiga hesabu upya, akacheka, akasaini. Mizani yetu ilikuwa ya kupimia watoto, haikuona gramu tano. Sista akaenda kwa Mzee Mwinshehe, sonara, akarudi na mizani ya kupimia dhahabu. Mpaka leo Mzee akitoka msikitini huniuliza, "Mtoto wa mizani yangu hajambo?"

Niseme wazi, maana karatasi hii itasomwa na akina mama wengine: jambo hili si la kujaribu nyumbani peke yako. Regina alilazwa wodini wiki tano alipoanza, na Sista alimchoma kidole kuangalia sukari mpaka mtoto akawa anaficha mikono akiona sare. Alitapika. Alikonda. Nililia kwamba namnyima mtoto ugali kama mama wa kambo. Sista aliniambia, "Lia, lakini usiongeze hata tonge." Sikuongeza.

Wiki ya nne alianguka mara moja tu kwa siku mbili. Ya tano, hakuanguka kabisa. Ya sita, tukiwa tumesharudi nyumbani Kibirizi, kifafa kikarudi kama mwenye nyumba.

Hapa nitaeleza kosa langu, kwa sababu bila hilo hamtajua Sista anafanyaje kazi. Daftari langu la chakula lilikuwa safi: dagaa wabichi gramu kadhaa, mawese gramu kadhaa, hakuna kingine. Basi nikajua kuna mtu anamlisha kwa siri. Kwetu mtoto akipita mlangoni watu wanakula, humegewa tonge, na kumnyima ni aibu. Nikamshuku mama mkwe wangu, Bibi Skolastika, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisema, "Mtoto hashibi mafuta, si taa." Nilimwambia maneno mabaya. Nilimkataza kumpakata mjukuu wake siku kumi na moja. Aliapa kwa Mungu hajampa kitu, nami sikumwamini.

Sista hakusema nani mkweli. Alikuja nyumbani Jumamosi, akaketi kwenye kigoda jikoni, akasema, "Pika kama siku zote. Mimi sipo." Nikapima dagaa. Nikapima mawese. Nikabandika kikaango. Kisha mkono wangu ukaingia kwenye kopo la unga wa muhogo, nikawanyunyizia dagaa, nikawageuza, kama tunavyofanya Kibirizi tangu tukiwa wasichana wadogo, ili wasishike chini.

"Huo nini?" Sista akauliza.

"Upi?"

"Huo wa mkononi."

"Ah, huu si chakula, Sista. Ni wa kukaangia tu."

Alinitazama mpaka nikasikia mwenyewe nilichosema. Wodini tulikuwa tunachemsha, ndiyo maana kule alipona. Kila siku kwa siku zote zile nilikuwa namlisha muhogo mtoto wangu kwa mkono huu, halafu naandika daftari kwa mkono huu huu.

Nilitegemea karipio. Yeye aliwaepua dagaa wale akawapa paka, akasema, "Nenda kamwombe mama mkwe wako radhi. Ukirudi tutachemsha wengine." Nilikwenda. Bibi aliniacha nimepiga magoti muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akaniita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kiha, kama anavyowaita aliowazaa, akasema, "Haya, nipe mjukuu wangu, mikono inaniwasha." Siku hizi yeye ndiye mkali kuliko sote. Mtu akimkaribia Regina na andazi, hukimbizwa mpaka barabarani.

Regina alianguka mara ya mwisho Oktoba 1997. Mengine yalikuja polepole, na Sista aliyaandika yote kwa kalamu nyekundu. Januari alishika kikombe. Machi alikaa bila mto. Akiwa na miaka minne na mwezi mmoja alitembea kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mkeka, hatua tano, akaketi mwenyewe kama mtu aliyechoka na safari. Neno lake la kwanza baada ya ule ukimya halikuwa mama. Lilikuwa "Yunisi", kwa sauti ya Sista kabisa, ile ya kuniita nikichelewa jikoni, maana nilikuwa nimeshaanza kazi hapa. Kituo kizima kilicheka. Maneno bado si mengi, hawafikii wenzake wa miaka mitano, na huenda hatawafikia. Sista hakuwahi kuniahidi hivyo. Alisema, "Tunapima alipo, si walipo wengine."

Niliposikia anastaafu, niliogopa. Nilimwomba mganga aandike barua Sista aongezewe mwaka. Sista akaiona mezani, akaniita nje. "Yunisi, unataka nikae mpaka lini? Mpaka aolewe?" Nikasema ndiyo. Akacheka, kisha hakucheka. Alisema mlo huu nao una mwisho wake, miaka miwili imetimia na zaidi, na daktari wa mkoa amekubali kuanza kumrudishia wanga, kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Nikamwomba basi aanze yeye kabla hajaondoka. Alikataa. Alisema akianza yeye, kila kijiko kitakachofuata nitakiogopa kwa sababu hayupo.

Kwa hiyo ni Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi, kijiko kimoja cha uji. Nitapima mimi. Tayari silali vizuri. Kifafa kinaweza kurudi. Daktari amesema hivyo, na Sista hakumpinga. Kikirudi nitamlaza kwa ubavu, nitaandika saa, nitapunguza uji, nitampeleka kwa daktari. Najua la kufanya, na bado naogopa, vyote viwili vinakaa pamoja.

Sista Aikande, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mtakuja na akina mama wote uliowaambia walie lakini wasiongeze tonge, tunakushukuru. Treni ikufikishe salama, migomba yako izae, na magoti yako yapumzike. Wala usipige simu kituoni Jumatatu. Nitakuandikia mwenyewe, liwe jema au baya, na nitaandika kila kitu kilichoingia kikaangoni.

Yunisi Leonardi
Jikoni, Chumba cha Lishe