Nani Achukue Tandiko la Kamanda

Sogeeni karibu. Mwenye kikombe akishike, mwenye domo alifunge kidogo. Kahawa haitapoa kwa sababu ya kunisikiliza. Pale kona ya Lemara ninapouzia, kuna benchi na gogo moja. Juu ya gogo, Mzee Sakaya, tuliyemwita Kamanda, alikuwa akiweka tandiko la farasi wa jeshi la zamani, ngozi nyeusi yenye mhuri, ndipo anakaa. Ujana wake wote alizunguka vijiji vya Meru kutafuta vitu vya wapanda farasi wa vita ile ya Mjerumani na Mwingereza. Vingine alikuta kuku wametagia. Sasa alikuwa anahamia kwa binti yake Kimandolu, chumba kimoja, na binti kasema ngozi kuukuu haziingii. Asubuhi hiyo akaja na vilivyobaki: tandiko, hatamu, na vikuku vya chuma vya kukanyagia.

— Tandiko hili, akasema, namwachia anayelijua kweli. Sitaki lirudi kwa kuku.

Nizar wa duka la vipuri, ndiye Spea, akawahi.

— Nipe mimi, Mzee. Nitaliweka kwenye kabati la kioo. Lilikuwa la ofisa wa Kijerumani. Ona limechakaa upande mmoja: jamaa alikuwa na pochi nzito.

— Wewe Spea unaona pochi hata kwenye ngozi ya ng'ombe! akadakia Lesian, aliyewahi kutembeza watalii, tukamwita Darubini. Hilo la Kaburu aliyekuja na jeshi la Mwingereza. Alipanda nalo Mlima Meru mpaka kileleni. Ndiyo maana wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kilele kina mvungu? Spea akauliza.

— Farasi alikuwa mrefu, matawi yanamkwaruza kichwa!

— Kunyweni, nikawaambia, inapoa.

Nani asikie? Spea akasimama kabisa.

— Basi ofisa wangu alikuwa jenerali. Alipoona vita vimemshinda akajigeuza muuza maziwa, akaoa Mmeru, akazeekea hapo Usa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha maziwa, bwana!

— Hiyo ndogo. Kaburu wangu alikunywa pombe ya ndizi na farasi wake, wakalewa wote. Kurudi, farasi kapanda, Kaburu kabeba. Watu wa Ilboru waliwaona!

Kamanda alicheka mpaka kofia ikadondoka. Lakini mkono wake haukutoka kwenye tandiko. Alikuwa analipapasa polepole, kama unavyompapasa mtoto anayesafiri.

Hapo akatokea Simaloi, mama mmoja wa Sombetini, na punda wake mwenye magunia ya pumba.

— Shikamoo Koko, akanisalimu mimi bibi wa kahawa. Shikamoo Mzee.

— Marahaba, mwanangu.

Nikamtilia kikombe, akasikiliza mabishano mpaka akachoka.

— Na farasi aliitwa nani? akauliza.

— Nani?

— Farasi. Aliyelivaa. Naona mnamtaja aliyekaa juu tu. Mimi huyu wangu ni Shemeji, mtaa mzima unamjua.

Spea akamtazama Darubini. Darubini akautazama mlima. Kamanda akalipindua tandiko, akaangalia ule upande wa chini unaolala mgongoni, kama ndiyo kwanza anauona.

— Miaka yote hii, akasema, sijawahi kumwulizia.

Shemeji akanyoosha shingo, akainusa ile ngozi, akatulia.

— Lichukue, mwanangu, Kamanda akasema. Nyumba yenye mnyama mwenye jina, kuku hawatalitagia.

Nikainamisha birika: likatoka tone moja, kahawa imekwisha.

Basi yakawa hivyo. Simaloi alipata tandiko. Amelitundika ukutani, na Shemeji akirudi jioni hupita kwanza kulinusa. Spea alipata hatamu, ziko kwenye kioo. Darubini alipata vikuku, anabania mlango. Kamanda yuko Kimandolu, kanenepa. Mimi nilirithi gogo tupu, na wale wawili bado hulikalia kwa zamu, wakibishana jina la farasi.